Ajira 61: tulivyohesabu upya matunda ya programu ya kampuni changa Mbeya

Juni mwaka huu mratibu wa programu ya kukuza kampuni changa katika chuo kimoja hapa Mbeya alinipa kurasa nne, akaniomba nizipitie kabla hazijaenda kwa mfadhili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya vijana waliovaa fulana za rangi moja, wameshika hundi kubwa ya boksi. Chini ya picha kulikuwa na namba tatu kwa herufi nene: vijana 98 wamefundishwa, kampuni 12 zimeanzishwa, ajira 61 zimezalishwa.

Nikamwuliza: hawa 61 ni akina nani?

Alifungua kompyuta, akatafuta, akaifunga. Orodha haikuwepo. Programu ilianza Januari mwaka jana ikafungwa Julai, na siku ya kufunga kila kikundi kilijaza fomu yenye swali "Mmezalisha ajira ngapi?" Yeye akajumlisha majibu. Hakudanganya, na wala vikundi havikudanganya. Kila kikundi kilijibu kwa namna kilivyolielewa neno ajira.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Chuo sikitaji, wala mtu yeyote. Nakiandika kwa sababu vituo atamizi, yaani vya kulea kampuni changa, vinaongezeka vyuoni, na kurasa nne za namna ile zinaandikwa kila mwaka na watu wanaofanya kazi kwa moyo, halafu fedha zinakwenda au haziendi kwa kufuata namba ambazo hakuna aliyezishika mkononi.

Tulianza na zile 61. Tulikaa siku mbili na daftari na simu mbili, tukavipigia vikundi vyote 12. Watu 41 kati ya 61 walikuwa wanachama wa vikundi wenyewe: kila mwanafunzi aliyepanda jukwaani siku ya kunadi mawazo alijihesabu kuwa ameajiriwa. Hao tuliwauliza mmoja mmoja swali moja tu: katika siku 30 zilizopita, biashara hii imekuingizia hela yoyote mfukoni? Waliojibu ndiyo walikuwa 17. Waliobaki walishatawanyika. Mmoja yuko Tunduma kwa wakala wa forodha, mwingine anafundisha sekondari Chunya, wengine wamerudi nyumbani wanasubiri ajira za serikali.

Katika zile 61 walibaki 20 wasio wanachama. Watano ni wafanyakazi kweli, wanalipwa kila mwezi. Watatu ni ndugu waliosaidia kubeba mizigo bila malipo. Na 12 ni vibarua walioitwa na kikundi cha parachichi kuchuma matunda Rungwe kwa siku sita, wakalipwa, wakaenda zao. Siku sita kwa watu 12 ni siku za kazi 72. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hufikisha siku kama 300 kwa mwaka. Kwa hiyo "ajira 12" za Rungwe, ukizigeuza kuwa kazi ya mwaka mzima, hazifiki hata robo ya ajira moja. Wale vibarua walifurahia malipo yao na sina neno na hilo, ila kwenye jedwali walisimama sawasawa na mtu anayelipwa mwezi hadi mwezi.

Kutoka 61 tukabaki na 22 na kipande. Mratibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hii si itatufungia programu?"

Nilimwambia tusiogope bado, kwa sababu hatujafika kwenye swali lenyewe. Wapo 22 wanaopata kipato, sawa. Lakini 61 au 22, zote mbili zinaeleza hali ya watu baada ya programu. Hazielezi programu imefanya nini.

Kabla ya hapo nieleze jambo la mauzo, maana makosa yake nimeyakuta sehemu nyingi. Ripoti ilisema kikundi cha kufungasha mchele kina mauzo ya mwaka ambayo mimi nilijua hayawezekani kwa mashine moja ya kukoboa na vijana wanne. Kumbe fomu iliuliza mauzo ya mwezi uliopita, na mtu akazidisha kwa 12. Mwezi wenyewe ulikuwa Juni. Kwa anayeujua mpunga wa Kyela na Mbarali hapo hapahitaji maelezo: mavuno yameingia, mpunga uko kila kona, bei iko chini, kijana mwenye mtaji mdogo ananunua na kuuza mpaka usiku. Rudi kwake Februari. Mpunga uko kwenye maghala ya wenye fedha na bei imepanda, na yeye yuko darasani. Ukanda huu una msimu mmoja wa mvua, na biashara nyingi za vijana wetu zimefungwa kwenye mazao. Anayepima lazima aulize mwezi uleule kila mwaka, au aulize miezi yote 12. Kuzidisha Juni kwa 12 ni kupanda Juni kumi na mbili kwenye mwaka mmoja.

Sasa swali lenyewe: hawa vijana, bila programu, leo wangekuwa wapi?

Kwanza tulitazama nyuma. Hakuna aliyekuwa ameandika hali ya vikundi siku vilipopokelewa. Tukaviomba vilete taarifa za miamala za simu kuanzia miezi sita kabla ya programu, na vikundi tisa vilikubali. Taarifa hizo zina uchafu wake, maana hela ya biashara, ya ada na ya mama kijijini hupita kwenye laini moja, kwa hiyo ilibidi tukae na wenyewe tukitia alama mstari kwa mstari. Hata hivyo jambo moja lilionekana wazi: vikundi vitano vilikuwa vinauza kabla ya kuingia. Kile cha parachichi, ambacho ndicho nyota wa ripoti, kilikuwa na wateja wake tangu mwaka wa pili wa masomo. Ripoti ilikiandika kama kampuni "iliyoanzishwa" na programu. Majaji walikipa alama za juu kwa sababu kilikuwa kinauza tayari, halafu mauzo hayo hayo yakageuka kuwa ushahidi wa mafanikio ya programu.

Ndipo nikamwuliza mratibu kuhusu waliokosa. Maombi yalikuwa 74. Vikundi 30 viliitwa kwenye kambi ya maandalizi ya siku tatu, kisha vikapewa alama na majaji, na 12 vikachukuliwa. Karatasi za alama zilikuwepo! Zilikuwa kwenye faili la kijani, kabatini, chini ya mabango ya mwaka jana. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kumweleza mratibu wakati ule.

Umuhimu wa faili lile ni huu. Kikundi cha 12 kilipata alama 66.5. Cha 13 kilipata 66. Jaji mmoja hakufika siku ya pili, kwa hiyo vikundi vya siku hiyo vilipimwa na watu watatu badala ya wanne. Nusu alama katika mazingira hayo haina maana yoyote kuhusu uwezo wa kijana. Ni bahati tu. Basi vikundi vilivyo karibu na mstari, juu yake na chini yake, vilianza vikiwa karibu sawa. Kimoja kikaingia, kingine kikabaki nje. Ukilinganisha hao leo, unachokiona kina uhusiano na programu kuliko ukimlinganisha nyota wa parachichi na mtu ambaye hakuwahi kuomba.

Njia hii haikubuniwa Mbeya. Chile ilianzisha programu ya taifa ya Start-Up Chile mwaka 2010, na watafiti Juanita Gonzalez-Uribe na Michael Leatherbee walitumia mistari ya alama namna hiyohiyo. Waliona kwamba kupewa fedha na meza ya kufanyia kazi peke yake hakukuonyesha tofauti, ila waliopata pamoja na hayo mafunzo na kufuatiliwa kwa karibu walipiga hatua. Nigeria ilienda mbali zaidi. Shindano la YouWiN! lililozinduliwa mwaka 2011 lilipata waombaji karibu 24,000 na washindi 1,200, kila mmoja akapata wastani wa karibu dola 50,000. Sehemu kubwa ya washindi walipatikana kwa bahati nasibu kati ya waliofika hatua ya nusu fainali, na hilo lilimwezesha David McKenzie wa Benki ya Dunia kulinganisha waliopata na waliokosa. Baada ya miaka mitatu tofauti ilikuwa kubwa: walioshinda walianzisha biashara zaidi, zikadumu zaidi, zikaajiri zaidi. Lakini la kuwakalisha majaji chini lilikuja baadaye, McKenzie na mwenzake Dario Sansone walipoangalia kama alama za majaji zilitabiri nani angekua. Kati ya wale waliokwishafika hatua ile, hazikutabiri.

Kwa hiyo tukachukua vikundi vinane vya juu ya mstari, cha 5 hadi cha 12, na vinane vya chini, cha 13 hadi cha 20.

Kuwapata walioingia ilikuwa kazi ya jioni moja, maana wana kundi la WhatsApp. Kuwapata waliokosa kulichukua wiki mbili na nusu. Namba nyingine zilikuwa na wenye laini wapya. Tulipita kwa wawakilishi wa madarasa, tukagonga mageto ya Ilomba na Sae kuwauliza wenye nyumba, tukampata mmoja kwa kupitia bodaboda aliyekuwa akimbebea mzigo. Mwishoni tulipata vikundi saba kati ya vinane. Wiki hizi mbili na nusu ni sehemu ya kazi, si usumbufu wa pembeni. Ukiwahesabu wanaopatikana kirahisi tu, umewahesabu wanaokupenda.

Kikundi cha 14 ni binti mmoja aliyekuwa na wenzake wawili, wakamwacha. Wazo lake lilikuwa kumenya viazi mviringo na kuviuza kwa wauza chipsi. Kwenye karatasi ya jaji mmoja imeandikwa: "Wazo la kawaida, teknolojia hakuna."

Nilifika kwake Soweto saa kumi na mbili asubuhi, Julai, baridi ile ya Mbeya inayouma vidole ndani ya mfuko. Chini ya taa moja kina mama wanne wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wameingiza mikono kwenye mabeseni ya maji. Viazi vya Umalila vilikuwa vimemwagwa sakafuni kutoka kwenye gunia la lumbesa, na kile kilemba chake, sehemu inayozidi mdomo wa gunia, kilikuwa bado kimeshonwa kwa kamba. Kiazi kikimenywa kinazamishwa majini upesi kisigeuke rangi. Maganda yanaingia kwenye kiroba kwa ajili ya jirani anayefuga nguruwe. Ikifika saa mbili bajaji inakuja, ndoo zenye mifuniko zinakwenda Kabwe na Mafiati.

"Shikamoo mwalimu. Ila mimi si nilikosa? Sasa unanihesabia nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa. Kila ukurasa una safu nne: uzito wa gunia, uzito baada ya kumenya, maganda, nauli ya bajaji. Nikamwuliza kajifunzia wapi kuandika hivyo.

"Kwenu. Siku ya pili ya ile kambi. Yule kaka alituambia tuandike kila kinachopotea. Mimi nilikuwa natoa bei ya gunia tu kwenye mauzo, najiona nina faida. Maganda nilikuwa siyahesabu."

Jibu hilo lilibadilisha hesabu yangu yote. Kambi ya siku tatu ilikuwa ya vikundi vyote 30, waliochukuliwa na waliokosa. Maana yake ulinganisho wangu haukuwa kati ya waliopata programu na wasiopata kitu. Ulikuwa kati ya waliopata siku tatu tu na waliopata siku tatu pamoja na miezi sita na mtaji wa kuanzia. Sikuwa nimeliona hilo mpaka daftari la viazi lilipofunguliwa mbele yangu.

Nilipita pia kwa wateja wake. Ana vibanda tisa, nilifika sita. Wenye vibanda wawili waliniambia zamani walikuwa na kijana wa kumenya, sasa wamemwachia aende. Kwa hiyo kina mama wanne wamepata kazi na vijana wawili wameipoteza. Hili nalo ni la kuandikwa, hata linapoumiza kuliandika. Kazi ya wale wanne ni ya uhakika zaidi, ina malipo ya wiki, na mimi nadhani mji umepata faida. Lakini jibu si nne.

Matokeo ya jumla yalikuwa haya: katika vikundi vinane vya juu ya mstari, vitano bado vinauza. Katika saba vya chini tulivyovipata, vinne bado vinauza. Kwa idadi ndogo hivi hakuna takwimu inayoweza kusimama, na atakayesoma hapa kwamba "programu haina maana" atakuwa ametenda kosa lilelile la 61, kwa upande wa pili. Tunachoweza kusema ni kwamba kama miezi sita ile ilikuwa na athari kubwa sana kwenye kudumu kwa biashara, haikuonekana kwetu.

Kilichoonekana ni kitu kingine. Vikundi vitano vya juu ya mstari vilivyo hai tuliviuliza: katika miezi sita ile, nini mnakitumia mpaka leo? Vinne vilimtaja mama mmoja wa Mwanjelwa. Ni mfanyabiashara wa jumla wa mchele na maharage, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuwa akija chuoni kila Jumatano jioni. Alikuwa hana slaidi. Kila kikundi kinafungua daftari mbele yake, naye anauliza: "Jumatano iliyopita mlisema mtauza magunia manane. Mmeuza mangapi?" Mkisema matano, anataka kujua matatu yamekwama kwa nani, na Jumatano ijayo anaanzia hapohapo. Alikuwa akirudishiwa nauli tu. Kwenye ripoti yumo kwenye mstari mmoja, sehemu ya shukrani. Tulipokwenda dukani kwake kumwambia vijana walivyomtaja alisema "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaendelea kupima maharage.

Najua pingamizi. Inawezekana waliohudhuria Jumatano ni wale wenye bidii tangu mwanzo, na bidii ndiyo inayowaweka sokoni, si maswali ya mama. Sina namna ya kuwatenganisha kwa data hii. Lakini inafanana sana na Chile, ambako fedha na meza bila kufuatiliwa havikutosha, kiasi kwamba nisingependa awamu inayofuata iendeshwe bila Jumatano kupimwa yenyewe kwa jina lake.

Halafu gharama. Miezi sita ilitumia shilingi milioni 96, yaani milioni 8 kwa kila kikundi kati ya 12. Humo mna ukumbi na siku ya kunadi mawazo, mna fulana, mna mtaji uliogawiwa. Kambi ya siku tatu ilitumia milioni 4.5 kwa vikundi 30, yaani shilingi 150,000 kwa kikundi. Ripoti ya kwanza haikuwa na sentensi hata moja kuhusu matokeo ya kambi.

Na kuna watu ambao hesabu ya kampuni inawafuta kabisa. Kikundi kimoja kilichokuwa na programu tumizi (app) ya simu ya wakulima kimekufa, hakina mteja hata mmoja. Lakini mmoja wa wanachama wake leo anaweka hesabu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, na aliniambia kazi hiyo aliipata kwa kuonyesha daftari la kikundi kile. Ukihesabu kampuni, ni sifuri. Ukimfuata mtu, una kitu cha kuandika. Chuo kinafundisha watu, kwa hiyo nilishauri orodha iwe ya majina ya watu, na kampuni iwe safu mojawapo tu mbele ya jina.

Mratibu alipeleka ripoti mpya mwishoni mwa Agosti. Ina 22, ina siku 72 za Rungwe, ina vikundi vitano vilivyokuwa vinauza tangu mwanzo, ina viazi. Mfadhili hakufunga programu. Aliitisha kikao cha saa tatu, akapunguza bajeti ya siku ya kunadi mawazo, akakubali kulipia mtu wa kuwafuatilia vijana kwa simu kwa miaka mitatu. Awamu mpya imefunguliwa mwezi huu. Fomu ya maombi ina ukurasa wa kipato cha kila mwezi kwa mwaka uliopita, na inaomba namba mbili za ndugu ambao hawahami. Mama wa Mwanjelwa sasa analipwa.

Kuhusu uteuzi, majaji walikubali kitu ambacho sikutegemea. Vikundi vitano vya juu vitachukuliwa kwa alama, vya chini kabisa vitaachwa, na 14 vya katikati vitapigiwa kura ya bahati kwa nafasi saba. Kura ilipigwa Ijumaa iliyopita mbele ya waombaji wote, karatasi zilizokunjwa ndani ya ndoo ya plastiki, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akichota. Kulikuwa na manung'uniko, na mratibu alisimama akaeleza kwa nini, bila haraka, mpaka swali la mwisho.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana wa Makete aliyekosa. Anataka kukausha uyoga. Aliuliza kama waliokosa nao watapigiwa simu kila Julai, au ni waliopata tu.

"Wote," mratibu alimjibu, akamwomba aandike namba ya mama yake vizuri, maana tarakimu ya mwisho ilikuwa haisomeki.